Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya wa New South Wales

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Afya, Waziri wa Afya ya Akili, na wakurugenzi wa hospitali za umma za Sydney na miji mingine ya jimbo.

Waheshimiwa,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeituma ofisini kwenu. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu Kiswahili ndiyo kazi yangu, na nataka Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wenzangu tunaoishi Sydney Magharibi wajue nimewaandikia nini. Safari hii siombei jamii yangu. Nawaombea watoto wa wenye ardhi tuliyokaribishwa kukaa, yaani Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia.

Mimi ni mkalimani. Nimezaliwa Kigoma, na kwa miaka mingi sasa huwa nakwenda hospitalini kila napoitwa, mchana au usiku, kuwasemea watu wasiojua Kiingereza. Kazi yenyewe ni dakika chache za kusema na saa nyingi za kungoja. Ukikaa sana kwenye viti vya idara ya dharura unaona mengi yasiyokuhusu. Siri za ninaowatafsiria sizitoi. Ninalolisimulia hapa nililiona nikiwa nimekaa tu, kama mtu yeyote aliyekuwa ukumbini, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu au mahali.

Ilikuwa mwezi wa Julai, baridi ya huku imekolea. Niliitwa saa mbili usiku kwa familia ya Kikongo ambayo mtoto wao alivunjika mkono. Ukumbi ulikuwa umefurika. Kila daktari alipotoka nilirudi kukaa, mara tunangoja picha, mara tunangoja plasta. Mkabala nami alikaa binti wa Kiaborijini, miaka 14 hivi, amejifunika blanketi la hospitali hadi kidevuni, na pembeni yake mwanamke aliyekuwa amemshika mkono. Mkono wa pili wa binti ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kiwiko.

Muuguzi akaja na karatasi zake. Akamuuliza binti, huyu ni nani yako? Binti akasema, mama. Mama mzazi? Mwanamke akajibu kwamba aliyemzaa ni dada yake. Muuguzi akaandika, akaondoka. Baada ya muda akaja mwingine na maswali yale yale: mama mzazi yuko wapi, nani mwenye mamlaka ya kisheria juu ya huyu mtoto, kuna barua yoyote? Alipokuja wa tatu, binti alikuwa ameacha kujibu. Aliinamisha kichwa na kuvuta blanketi. Mwanamke akapandisha sauti kidogo, kama ambavyo mtu yeyote angepandisha, na mlinzi akasogea, akasimama hatua mbili kutoka kwenye viti vyao. Hakusema neno. Alisimama tu.

Waswahili mnaosoma hapa hamhitaji maelezo. Dada wa mama ni mama, mdogo au mkubwa, na hakuna mtoto wa Ujiji au Bukavu anayeulizwa karatasi ya kuthibitisha hilo. Katika koo nyingi za Waaborijini ni hivyo hivyo. Dada wa mama ni mama, na bibi ana neno zito juu ya mtoto kuliko ofisi yoyote. Nilitamani nisimame nitafsiri. Lakini sikuwa nimeitwa kwa ajili yao, na lugha ya kutafsiri haikuwepo: wote pale walikuwa wakizungumza Kiingereza.

Ilipokaribia saa tisa usiku yule mwanamke alisimama, akamvalisha binti koti lake mwenyewe, wakatoka. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa hajafika. Nilipopita baadaye blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti. Nina hakika faili lao liliandikwa kwamba mgonjwa aliondoka kabla ya kuhudumiwa, na mwaka ukiisha litahesabiwa kama ukaidi wa mgonjwa. Mimi nilikuwepo. Nilimwona mtoto aliyejidhuru akifikishwa hospitalini na mtu anayempenda, akakaa saa kadhaa, na jambo pekee alilopewa kwa wingi lilikuwa maswali kuhusu huyo aliyemleta.

Usiku huo huo, waheshimiwa, hospitali hiyo hiyo ilinilipa mimi. Ilinilipa ili mzazi wa Kikongo aelewe mkono wa mwanawe utafungwaje na arudi lini. Hili ni jema la nchi hii na sitaki kulipita bila kulitaja. Simu ya ukalimani wa dharura ilianza Sydney na Melbourne mwaka 1973, pale serikali ilipotambua kwamba mgonjwa asiyeeleweka yuko hatarini hata kama dawa zipo kabatini. Tangu hapo hakuna mkurugenzi anayetetea tena kumtibu mtu kwa ishara za mikono. Sisi tuliokuja juzi tumewekewa mtu wa kati. Mtoto ambaye mababu zake wamekaa hapa kwa makumi ya maelfu ya miaka hakuwekewa, kwa kuwa anajua Kiingereza na basi ikadhaniwa anaeleweka.

Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akifika, chakula kizuri kinapikwa, na mwenyeji naye anapata nafuu kupitia ugeni huo. Nimeishi Australia miaka ya kutosha kujua kwamba hapa methali hiyo ilipinduka. Wageni walifika mwaka 1788, na mwenyeji hajapona.

Nataka niseme juu ya hofu, kwa kuwa nimesikia wafanyakazi wa hospitali wakiiita utovu wa ushirikiano. Wengi wetu tunaishi Blacktown na hatujui jina hilo limetoka wapi. Mwaka 1815 Gavana Macquarie alifungua shule Parramatta ya kuwaweka watoto wa Waaborijini mbali na wazazi wao, wafundishwe kuishi kama Waingereza. Mwaka 1823 ilihamishiwa kwenye eneo lililokuja kuitwa Black Town, mji wa weusi. Mabasi tunayopanda kwenda kazini yamebandikwa jina hilo. Uwanja wa shule ile ulirudishwa mikononi mwa Wadharug, Waaborijini wenye asili ya eneo hili, mwaka 2018 tu.

Hiyo ilikuwa mbegu. Sheria ya mwaka 1909 ya jimbo hili iliipa nguvu za kisheria bodi ya kuwasimamia Waaborijini, na marekebisho ya mwaka 1915 yakaipa bodi hiyo uwezo wa kumchukua mtoto bila kwanza kuthibitisha mahakamani kwamba ametelekezwa. Wasichana walipelekwa kwenye makao ya Cootamundra, wavulana kwenye makao ya Kinchela karibu na Kempsey. Bodi ilivunjwa mwaka 1969. Hesabuni: msichana aliyechukuliwa mwaka 1960 akiwa na miaka 8 leo ni bibi mwenye wajukuu wa umri wa yule binti wa ukumbini. Ripoti ya uchunguzi wa kitaifa ya mwaka 1997 iliyaweka haya wazi, na Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi Bungeni tarehe 13 Februari 2008. Watu walilia barabarani siku hiyo, na walikuwa na haki ya kulia.

Lakini kuchukuliwa kwa watoto hakukuisha na bodi. Leo, kati ya watoto wa New South Wales wanaolelewa nje ya familia zao kwa amri ya serikali, zaidi ya 4 kati ya 10 ni Waaborijini, ilhali wao ni sehemu ndogo sana ya watoto wote wa jimbo. Kwa hiyo mama mdogo anapoulizwa mara tatu ana mamlaka gani juu ya mtoto, hasikii swali la fomu. Anasikia gari likiegeshwa nje. Anapima: nikae humu mtoto atibiwe, au niondoke naye kabla simu haijapigwa? Mnamlazimisha achague kati ya dawa na mtoto. Mimi kama mzazi ningeondoka.

Kuna jambo lingine ambalo ninyi mnalijua vizuri lakini watu wangu wengi hawalijui. Tukisikia neno Waaborijini tunafikiria jangwa, udongo mwekundu, vijiji vya mbali sana. Ukweli ni kwamba wengi wao wanaishi mijini na kwenye miji midogo ya mikoani, kama sisi. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu watu wa asili wapatao 278,000 New South Wales peke yake, kiasi cha theluthi moja ya wote nchini, na Sydney Magharibi ni miongoni mwa makazi yao makubwa kabisa. Ni jamii changa pia: nusu yao nchini walikuwa na umri usiozidi miaka 24 mwaka huo. Watoto wetu wanasoma nao. Na mtoto wa mjini ana shida yake ya pekee: huduma ziko karibu, vituo vitatu tu vya treni, kwa hiyo anahesabiwa kuwa amefikiwa.

Utafiti ulioanza mwaka 2008 hapa jimboni, ukifanywa pamoja na kliniki za jamii za Mount Druitt, Campbelltown, Newcastle na Wagga Wagga, umewafuata watoto zaidi ya 1,600 wa Kiaborijini wa mijini. Wazee wa jamii walikuwa na sauti ndani yake tangu mwanzo, na ndiyo sababu familia zilikubali kuhojiwa. Ulionyesha mambo mawili ambayo lazima yasomwe pamoja. La kwanza, watoto wengi, zaidi ya theluthi mbili, wana afya njema ya akili. Naomba hili lisemwe kila mahali ambapo takwimu za huzuni zinasomwa, maana mtoto anayesikia kila siku kwamba jamii yake ni tatizo anaugua kwa kusikia tu. La pili, ambao hawako sawa wanafikia kwenye dharura na kulazwa kwa ajili ya afya ya akili kwa kiwango cha juu kuliko watoto wengine wa jimbo, na waliowekwa kwenye malezi ya kambo walifika huko zaidi kuliko waliokaa na wazazi wao. Mtoto anachukuliwa ili alindwe, kisha ndiye anayeletwa usiku kwa gari la wagonjwa.

Hapa napenda kuzungumzia kile ambacho tayari kipo, kwani ninachoomba si ndoto. Mwaka 1971, Redfern, hapa hapa Sydney, Waaborijini walichoka kufukuzwa na kudharauliwa kwenye vituo vya afya. Wakapata chumba kidogo cha duka mtaa wa Regent, wakakusanya madaktari wa kujitolea, wakafungua kliniki yao wenyewe. Miongoni mwao alikuwepo Shirley Smith, waliyemwita Mum Shirl, na Naomi Mayers aliyeiongoza kwa miongo mingi. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Australia. Leo nchini kuna kliniki za namna hiyo zaidi ya 140, zenye bodi zinazochaguliwa na jamii. Mtoto akiingia humo, mhudumu wa mapokezi huenda anamjua bibi yake. Hakuna anayeuliza huyu ni mama wa namna gani.

Wataalamu wao nao wapo. Helen Milroy, mwanamke wa Wapalyku, ndiye Mwaborijini wa kwanza kuwa daktari, na ni daktari wa akili za watoto. Pat Dudgeon wa Wabardi alikuwa mwanasaikolojia wa kwanza kutoka jamii hizi. Wao na wenzao wamefundisha kwa miaka mingi kwamba kwa mtu wao akili haitengwi na mwili, familia, ukoo, ardhi, na mababu. Azimio la Gayaa Dhuwi la mwaka 2015, ambalo jina lake katika lugha za Wagamilaraay na Wayuwaalaraay linabeba maana ya roho yenye furaha na fahari, linaomba wazi kwamba Waaborijini waongoze huduma za akili za watu wao. Kwa mtu wa pwani au wa maziwa makuu hilo linaeleweka mara moja. Nani kwetu alishaugua moyo akawaza kwamba ni suala la kichwa chake pekee, bila ndugu, bila waliotangulia?

Na ninyi mmeshakubali. Mwaka 2020 serikali zote za nchi hii, ya New South Wales ikiwemo, zilitia saini makubaliano ya kitaifa ya kuziba pengo la maisha kati ya watu wa asili na Waaustralia wengine, na ndani yake mkaahidi kuzijenga taasisi zinazoendeshwa na jamii na kupunguza vifo vya kujiua kuelekea sifuri. Mwezi Februari 2024 tume ya serikali kuu yenyewe, iliyopewa kazi ya kukagua utekelezaji, ilisema kwamba kwa sehemu kubwa serikali hazijabadilisha namna zinavyofanya kazi. Kujiua ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wa Waaborijini na wa visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, watu wengine wa asili wa nchi hii, wa umri wa miaka 5 hadi 17. Naandika sentensi hiyo mara moja tu katika barua hii, lakini kila nilichoandika juu na chini yake kimeizunguka.

Ninachoomba kwanza na zaidi ya vyote ni mtu. Mhudumu wa afya wa Kiaborijini, mwenye mamlaka na si wa kupamba ukumbi, awepo katika idara ya dharura ya kila hospitali inayohudumia jamii kubwa yao, usiku, Jumamosi na Jumapili. Hospitali ninazoitwa mimi zina maofisa uhusiano wa Kiaborijini, na ni watu wa thamani, lakini wanafanya kazi saa za ofisi. Mtoto hajidhuru saa za ofisi. Anavumilia mchana kutwa, giza likiingia ndipo linapomzidi. Huyo mhudumu ndiye awe wa kwanza kukaa naye, aulize nani wa kwenu yuko hapa, na jibu likiwa mama mdogo au bibi liandikwe hivyo kwenye fomu, kuwe na nafasi yake, na madaktari waongee naye kama mwenye mtoto huku mambo ya sheria yakifuatwa pembeni bila kelele. Mlinzi asisogezwe isipokuwa pana hatari ya kweli. Sauti iliyopanda kidogo saa saba za usiku ni uchovu.

La pili ni siku inayofuata. Nimetafsiri ruhusa nyingi za kutoka hospitali, najua zinavyokuwa: karatasi yenye namba ya simu, na maneno mpigie wiki ijayo. Mfumo wa taifa hulipia sehemu ya gharama ya vikao 10 vya mwanasaikolojia kwa mwaka, lakini mwanasaikolojia mwenye nafasi, anayeijua familia hiyo, asiyedai nyongeza ambayo nyumba haina, kumpata ni kazi ya mtu mzima mwenye muda na akiba. Mtoto wa Kiaborijini asitoke mlangoni kwenu kabla hospitali haijazungumza na kliniki ya jamii yake, kwa ridhaa ya familia, ikataja jina la mtu atakayemwona na siku, na siku hiyo isizidi wiki. Kliniki ilipwe kwa kazi hiyo. Ilipwe kwa mikataba ya miaka mingi, si ya miezi 12 ambapo mhudumu anaanza kuaminiwa na mtoto ndipo ajira inakwisha.

Mtaniambia wataalamu hawatoshi. Najua. Kufikia Januari 2025 zaidi ya madaktari 200 wa magonjwa ya akili wa hospitali za umma za jimbo hili walikuwa wamewasilisha barua za kujiuzulu, na sote tunaofanya kazi wodini tuliona pengo. Lakini upungufu huo unaongeza uzito wa ninachosema. Daktari wa akili akiwa mmoja kwa usiku mzima, basi zile saa za kumngoja ndizo matibabu ya kwanza ya mtoto, na atazipitia akiwa na mtu wa kwao au akiwa na mlinzi. Gharama nayo mnailipa tayari: gari la wagonjwa, polisi, mlinzi, kitanda, na kurudi kwake wiki tatu baadaye akiwa katika hali mbaya zaidi.

Ndugu zangu Waswahili, nanyi nina neno kwenu kabla sijamaliza. Tulipofika tulisimuliwa habari za Waaborijini na watu ambao hawajawahi kula nao, na baadhi yetu tumezibeba hizo habari mpaka kwenye meza zetu, mbele ya watoto. Sisi tuliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tunajua mtu anavyoelezwa na wengine hadi anachoka kujieleza. Kama unafanya kazi hospitalini, na wengi wetu ni wasaidizi wa wauguzi, wasafishaji na walinzi pia, ule usiku unaweza kuwa wako. Mlinzi unaweza kuwa wewe. Unaweza kuleta kiti badala ya kusimama. Na mtoto au mzazi wa Kiaborijini akikuambia amezidiwa, ipo simu ya 13YARN, namba 13 92 76, inayopokelewa na watu wa jamii yao saa 24.

Waheshimiwa, sitaki kujibiwa kwa barua ya shukrani. Nina swali moja ninaloomba lijibiwe kwa idadi na kwa majina ya hospitali. Ijumaa hii, saa sita usiku, ni idara ngapi za dharura katika jimbo hili zitakuwa na mhudumu wa Kiaborijini kazini? Na katika mwaka uliopita, ni watoto wangapi wa Kiaborijini waliofika katika kila idara kwa ajili ya afya ya akili wakaondoka kabla ya kuonwa? Mmoja wao namjua kwa sura. Alikunja blanketi lenu vizuri kabla ya kuondoka.

Mkalimani wa Kiswahili,
Sydney Magharibi, katika ardhi ya Wadharug